Wito na Ujira: Kazi ya Uuguzi katika Jiji la Dar es Salaam

Usharika unapotimiza miaka 100, majina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa hutangulia kuandikwa, na ndivyo inavyostahili. Lakini liko kundi jingine ambalo historia yake imekwenda sambamba na historia ya Walutheri wa Dar es Salaam tangu siku za kwanza kabisa, nalo ni kundi la wauguzi. Katika sharika nyingi za jiji, hao ndio wanaoingia ibada ya kwanza wakiwa wametoka zamu ya usiku, au wanaokosekana kabisa kwa kuwa wodi haijui Jumapili. Sura hii inaeleza jinsi kazi yao ilivyopatikana mjini na jinsi walivyolipwa, tangu mwaka 1887 hadi sasa.

Kwa vizazi kadhaa wazazi Wakristo waliwafundisha binti zao kwamba uuguzi ni wito. Mafundisho hayo ni ya kweli, na hakuna anayeweza kukaa na mgonjwa mahututi hadi alfajiri kwa ajili ya fedha peke yake. Hata hivyo, historia ya jiji hili inaonyesha kwamba neno hilo hilo limetumika mara nyingi kuwa sababu ya kumlipa muuguzi kidogo, kumcheleweshea mshahara, au kumtaka avumilie pale ambapo mtumishi mwingine asingeambiwa avumilie. Ili kuelewa jinsi wito na ujira vilivyotenganishwa, ni lazima kuanzia mbali kidogo, huko Ujerumani.

Nyumba ya mashemasi wa kike

Mwaka 1836 mchungaji wa Kilutheri na mkewe Friederike, yaani Theodor Fliedner na mwenzi wake katika huduma, walifungua huko Kaiserswerth, kando ya mto Rhine, nyumba ya kuwafundisha wanawake kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Wanawake hao waliitwa mashemasi. Katika zama ambazo kuuguza hospitalini kulihesabiwa kuwa kazi ya watu wa chini wasio na elimu, nyumba hiyo iliwapa wanawake mafunzo, vazi la heshima na mahali pa kuishi. Florence Nightingale wa Uingereza alikaa hapo kwa mafunzo mwaka 1851, na mwaka 1860 alianzisha shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, London. Hivyo mizizi ya uuguzi wa kisasa inaigusa historia ya Kanisa letu kwa karibu zaidi kuliko wengi wanavyojua.

Shemasi wa Kaiserswerth hakupokea mshahara. Hospitali iliyompokea ililipa nyumba mama, naye akapewa chakula, mavazi na fedha kidogo za mfukoni. Kwa macho ya leo mpango huo unaweza kuonekana kuwa wa kunyonya, lakini ulikuwa na upande wa pili ambao haupaswi kusahauliwa: alipougua, nyumba mama ilimtunza, alipozeeka, ilimpokea, alipokufa, ilimzika. Shemasi hakulipwa, wala hakuachwa.

Uuguzi wa namna hiyo ndio uliofika katika pwani yetu. Mwaka 1886 ilianzishwa mjini Berlin jumuiya ya misioni kwa ajili ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa makusudi yake lilikuwamo la kuwauguza Wajerumani waliokuwa wakija katika nchi hizi. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka huo huo mwanamke wa tabaka la juu, Frieda von Bülow, alikuja Zanzibar kwa ajili ya kuandaa vituo vya uuguzi. Mwaka 1890 Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel aliingia katika uongozi wa jumuiya hiyo, na huko Bethel palikuwapo nyumba ya mashemasi wa kike iliyoitwa Sarepta. Mwaka 1903 kazi ya Dar es Salaam, Kisarawe na Maneromango ilikabidhiwa kwa Misioni ya Berlin. Kwa hiyo, hata kabla ya jengo la kanisa la Azania Front kukamilika mwaka 1902, uuguzi ulikuwa umekwisha kutajwa katika mipango ya misioni kwa ajili ya mji huu.

Yafaa kusema wazi kwamba huduma hiyo ya mwanzo iliwalenga wageni. Ndipo lilipoanza tatizo ambalo lingedumu muda mrefu. Wazo la shemasi asiyedai mshahara lilivuka bahari na kufika Afrika, lakini nyumba mama iliyomtunza katika ugonjwa na uzee haikuvuka pamoja nalo. Wauguzi Waafrika waliokuja baadaye walirithi nusu ya kwanza ya mpango huo, wakakosa nusu ya pili.

Hospitali mbili, watu wa aina tatu

Mwishoni mwa karne ya 19 mji ulikuwa na hospitali za aina mbili. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga Hospitali ya Ocean Road, mahali penye upepo wa bahari, kwa ajili ya Wazungu. Hospitali nyingine ilijengwa kwa fedha za mfanyabiashara wa Kihindi Sewa Haji Paroo, nayo iliwahudumia Waafrika na Wahindi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipotawala Tanganyika, mgawanyo huo uliendelea.

Katika hospitali za Serikali za wakati huo, masista wa Kizungu ndio waliosimamia wodi, na chini yao walifanya kazi wasaidizi Waafrika, wengi wao wanaume, waliofunga vidonda, kuwageuza wagonjwa, kufua mashuka na kukesha usiku. Waliitwa madresa na maboi wa wodi. Mshahara ulipangwa kwa rangi: palikuwa na mizani ya Mzungu, ya Mwasia na ya Mwafrika, na mtu hakuweza kuvuka kutoka moja kwenda nyingine hata kama kazi yake ilikuwa ile ile. Vituo vya misioni vilikuwa na ukosefu wa fedha juu ya hayo yote, na msaidizi aliyefundishwa huko alipoona kwamba Serikali ya mjini ililipa zaidi, alikuwa na uamuzi mgumu wa kufanya. Safari ya muuguzi kutoka kituo cha misioni kwenda Dar es Salaam, ambayo leo huzungumzwa kana kwamba ni jambo jipya, ina umri wa miongo mingi.

Maisha ya mjini nayo yalikuwa yakipanda. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu Dar es Salaam watu 69,227. Ile ya mwaka 1957 ilihesabu 128,742. Mwaka 1947 mgomo ulioanzia bandarini ulienea kufuata reli, na madai makubwa yalikuwa mishahara isiyolingana na bei za vyakula. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury, iliyochunguza utumishi wa Serikali katika Afrika Mashariki, ilipendekeza mizani ya mishahara isiyotazama rangi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1956, Princess Margaret wa Uingereza alifungua hospitali mpya kubwa iliyopewa jina lake, nayo ikawa pia mahali pa kufundishia wauguzi. Baada ya Uhuru hospitali hiyo ilipata jina linalojulikana na kila Mtanzania: Muhimbili.

Uhuru na vazi jeupe

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na wataalamu wachache mno wa afya. Kila binti aliyemaliza mafunzo ya uuguzi alikuwa na kazi inayomngoja. Chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, mwaka ule ule ambao makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kima cha chini cha mshahara kwa mji wa Dar es Salaam, kufuatia taarifa ya bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth, kilipangwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi kuanzia mwaka 1963. Muuguzi aliyesajiliwa alipata zaidi ya hapo, na kwa familia nyingi huo ndio uliokuwa mshahara wa kwanza wa mwanamke kuingia nyumbani.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wake. Kwa mshahara wa muuguzi wadogo zake walilipiwa shule, wazazi walipata bati la kuezekea nyumba, na mama mzee kijijini aliletewa khanga na sukari kila likizo. Vazi jeupe na saa iliyobanwa kifuani vilikuwa alama ya mtu aliyejikomboa. Ni kweli kwamba wauguzi wa miaka hiyo walivumilia mabweni yenye amri kali na wakubwa wasiokubali kosa, lakini walijua kwamba mwisho wa mwezi mshahara utafika, na kwamba pensheni inawangoja.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka pengo kati ya mishahara ya juu na ya chini lipungue. Miezi michache kabla yake, Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kupunguza mshahara wake na ya viongozi wa juu. Kazi ya afya ilielekezwa vijijini, na mwaka 1971 wauguzi wakaunda Chama cha Wauguzi Tanzania. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku utoaji wa matibabu kwa faida binafsi; hospitali za mashirika ya dini ziliruhusiwa kuendelea. Kwa muuguzi wa Dar es Salaam matokeo yake yalikuwa kwamba mwajiri wake alikuwa Serikali au shirika la hiari, basi. Hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Miaka ya miradi

Mwajiri huyo mmoja alipoishiwa, kila muuguzi aliishiwa naye. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa vita vya Kagera, bei za mafuta na kudorora kwa uchumi, thamani ya mshahara iliporomoka mwaka baada ya mwaka. Idadi ya watu mkoani Dar es Salaam ilipanda kutoka 843,090 mwaka 1978 hadi 1,360,850 mwaka 1988, na wodi zikajaa hadi wagonjwa wakalala chini, huku dawa, glovu na mashuka vikiadimika.

Hapo ndipo jiji lilipojifunza neno "miradi". Watumishi wa umma waligundua kwamba mshahara wa mwezi haufiki hata katikati ya mwezi, wakaanza kufuga kuku uani, kuuza maandazi, barafu na vitumbua, kushona nguo, kulima mabondeni. Wauguzi walikuwamo. Mtu alitoka zamu ya usiku, akakanda unga, akalala saa mbili, akarudi kazini. Mgonjwa aliyemkuta amechoka alimwita mkali. Wako pia waliokubali kupokea chochote kutoka kwa ndugu wa mgonjwa ili kitanda kipatikane, na jambo hilo halina utetezi; liliwaumiza maskini na likaichafua kazi nzima. Lakini ni haki kusema kwamba wengi zaidi walichagua unga na jiko kuliko kumtoza mgonjwa, na hao hawakuandikwa gazetini.

Milango inafunguliwa, mlango mmoja unafungwa

Miaka ya 1990 ilileta mageuzi mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Baada ya hapo hospitali, zahanati na kliniki ziliongezeka katika kila kata ya jiji, kuanzia Upanga na Mikocheni hadi Mbagala na Tegeta. Taasisi maalumu nazo ziliongezeka: Taasisi ya Mifupa Muhimbili mwaka 1993, CCBRT mwaka 1994, Taasisi ya Saratani Ocean Road mwaka 1996, katika majengo yale yale yaliyokuwa ya Wazungu peke yao. Baadaye ilikuja Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015 na hospitali ya Mloganzila mwaka 2017. Muuguzi wa upasuaji, wa wagonjwa mahututi, wa figo au wa saratani alipata mahali pa kutumia ujuzi wake, na ujuzi huo ukaanza kuwa na bei.

La pili ni kwamba Serikali, katika mpango wa kupunguza matumizi, iliacha mwaka 1993 kuwaajiri moja kwa moja wahitimu wote wa vyuo. Maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini. Tangu hapo kumaliza chuo na kupata kazi vikawa mambo mawili tofauti. Kwa mara ya kwanza tangu Uhuru palionekana jambo la kushangaza: wodi isiyo na wauguzi wa kutosha, na nje ya geti muuguzi mwenye cheti anayetafuta kazi. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 iliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Upungufu ulikuwa wa kweli, na ukosefu wa ajira pia ulikuwa wa kweli. Kati yao kilisimama kibali cha ajira, ambacho hutegemea fedha zilizotengwa katika bajeti, wala si idadi ya wagonjwa waliolala wodini.

Hospitali za Kanisa na mvuto wa jiji

Katika mabadiliko hayo hospitali za Kanisa zilipata pigo la aina yake. Machame, Nkoaranga, Bumbuli, Haydom, Ilembula, Ndolage na nyinginezo zimewafundisha wauguzi wengi wanaofanya kazi Dar es Salaam leo. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, imefanya vivyo hivyo. Kanisa lilikuwa kisima, na jiji lilikuja na ndoo.

Mwaka 1992 makanisa na Serikali vilitia sahihi makubaliano ya ushirikiano katika huduma za jamii, na baadhi ya hospitali za Kanisa, zilizoteuliwa kuwa hospitali za wilaya, zikapata ruzuku ya mishahara. Hata hivyo, Serikali ilipopandisha mishahara ya watumishi wa afya katikati ya miaka ya 2000, hospitali nyingi za mashirika ya dini hazikuweza kuifikia mizani hiyo kwa watumishi ziliowalipa zenyewe. Wauguzi waliomba kazi serikalini na wakaondoka. Baadhi ya viongozi wa Kanisa walihuzunika, wakasema wito umepungua.

Huzuni hiyo inaeleweka, lakini swali la muuguzi lilihitaji jibu. Aliuliza kama pensheni yake inalipwa mahali inapotakiwa. Aliuliza kwa nini mshahara wa mwezi wa tatu unafika mwezi wa tano. Aliuliza mtoto wake atasomeshwa na nani. Maswali hayo hayakuwa ya mtu aliyekosa wito. Yalikuwa ya mtu anayeitafuta ile nusu ya pili ya mpango wa Kaiserswerth, nusu iliyosema kwamba anayejitoa hataachwa. Tena, hospitali ya Kanisa haikuwa na fedha za kuficha. Ada za wagonjwa maskini na misaada ya marafiki wa ng'ambo iliyokuwa ikipungua ndizo zilizokuwa mapato yake. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na mgonjwa wa kijijini ndiye aliyelipa gharama ya tofauti yao.

Ajira na mishahara katika miaka ya karibuni

Leo nafasi za uuguzi katika jiji lenye watu 5,383,728, kwa sensa ya mwaka 2022, hupatikana kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni Serikali: Muhimbili na taasisi zake, hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala, pamoja na vituo vya afya na zahanati za manispaa. Mishahara hufuata mizani ya kada za afya iitwayo TGHS. Muuguzi mwenye cheti huanza katika TGHS A, mwenye stashahada katika TGHS B, na mwenye shahada katika TGHS C. Mizani hii ni moja kwa nchi nzima. Kwa hiyo muuguzi wa mtumishi wa umma aliyepangiwa Dar es Salaam hapati mshahara mkubwa kuliko mwenzake wa wilayani, ingawa kodi ya chumba, nauli za kila siku na bei za sokoni ni tofauti kabisa. Wanaokuja mjini wakidhani mshahara wenyewe ni mkubwa hukata tamaa mapema. Kinachowavuta wengine wabaki ni nafasi ya kusoma, kazi ya mwenzi wa ndoa, shule za watoto, na zamu za ziada za kulipwa kwa siku katika hospitali binafsi.

Ajira za Serikali zimekuwa zikija kwa mawimbi. Mwaka 2016 zilisimamishwa ili watumishi hewa wahakikiwe, na mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 7,612 za kada za afya kwa nchi nzima, na waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, kisha kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025.

Njia ya pili ni hospitali binafsi na za mashirika. Hapa tofauti ni kubwa mno. Hospitali kubwa yenye vyumba vya wagonjwa mahututi inaweza kumlipa muuguzi bingwa vizuri kuliko Serikali. Zahanati ndogo ya mtaani inaweza kumpa mwenye cheti kiasi kinachokaribia kima cha chini cha kisheria, ambacho kwa sekta binafsi ya afya kilikuwa shilingi 132,000 kwa mwezi katika amri ya mshahara ya mwaka 2013. Tena zipo zahanati zinazomweka mtu mwaka mzima bila mkataba wa maandishi. Mwenye busara huuliza mambo matatu kabla ya kuvaa sare: mkataba, michango ya hifadhi ya jamii, na malipo ya zamu za usiku na sikukuu.

Njia ya tatu ni miradi. Tangu dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zianze kutolewa nchini mwaka 2004, fedha za wafadhili ziliwaajiri wauguzi wengi kwa mikataba, mara nyingi kwa malipo mazuri. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, ilionekana dhahiri kwamba mshahara mzuri wa mradi haukuwa na mizizi.

Njia ya nne ndiyo inayouma. Ni ya wahitimu wanaojitolea. Wamesajiliwa, wana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanashika zamu kamili wodini, lakini hupokea fedha za nauli tu au hawapokei kitu, wakitumaini kwamba tangazo lijalo litawakumbuka. Mama anayejifungua usiku hajui kwamba mkono uliompokea mtoto wake haumo katika orodha ya mishahara. Wengine huchoka, wakafungua duka la dawa au kuuza nguo. Wengine hutazama nje ya nchi. Dunia nayo inawahitaji: taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Muuguzi na Mkunga, ilikadiria kwamba upungufu wa wauguzi duniani ulikuwa milioni 5.9. Muuguzi aliyeandaliwa kwa kodi na sadaka za Watanzania anaweza basi kumwuguza mzee wa Ulaya, huku bibi yake mwenyewe akiuguzwa na jirani.

Dinari mbili

Katika sura ya kumi ya Injili ya Luka yamo mambo mawili ambayo husomwa mara nyingi kwa kutenganishwa. Mwanzoni mwa sura Bwana anawatuma wanafunzi na kuwaeleza kwamba mtenda kazi ana haki ya kupata ujira. Baadaye katika sura hiyo hiyo ndipo unapokuja mfano wa Msamaria mwema. Wahubiri hukazia huruma yake, mafuta na divai, na mnyama aliyempandisha majeruhi. Mara chache hutajwa kwamba asubuhi yake Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni ili aendelee kumtunza yule mtu, na akaahidi kwamba gharama yoyote ya ziada atailipa atakaporudi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima.

Msamaria hakumwambia mwenye nyumba kwamba kutunza majeruhi ni wito. Alijua kwamba huruma yake mwenyewe ilikuwa na mwisho wa safari, na kwamba mtu atakayebaki usiku kando ya kitanda anastahili kulipwa, pamoja na nyongeza. Hapo wito na ujira vimekaa katika hadithi moja bila kugombana.

Historia ya wauguzi wa Dar es Salaam ni historia ya watu ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamebaki kando ya kitanda. Masista wa Ocean Road, madresa wa Hospitali ya Sewa Haji, wasichana wa miaka ya 1960 waliolipia ada za wadogo zao, mama waliokanda maandazi baada ya zamu, na vijana wanaojitolea leo bila mshahara, wote wameshika kazi moja. Mjini wako washarika walio wamiliki wa zahanati, wajumbe wa bodi za hospitali, maofisa utumishi na madiwani, ambao kila mwezi hutia sahihi zinazoamua kama muuguzi atalipwa kwa wakati na kama michango yake ya uzeeni itafika inakotakiwa. Katika sahihi hizo ndimo usharika wa mjini unapoweza kuwa nyumba mama kwa wauguzi wake. Nao wanaotoka zamu ya usiku wakaketi viti vya nyuma Jumapili, macho mazito, wapewe nafasi yao katika kumbukumbu za miaka 100, kwa shukrani, na kwa haki yao kamili.